Kabla hujampeleka sungura kwa daktari

Ukimpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo, nusu ya maelezo anayatoa mbwa mwenyewe. Anachechemea, analia akiguswa pabaya, anakataa nyama aliyokuwa akiigombania juzi. Kwa sungura sahau hayo. Huyu ni mnyama wa kuwindwa, na porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Atakaa mezani kwa daktari macho wazi, masikio juu, ametulia tuli, kumbe tumbo limegoma tangu jana usiku. Watu husema, "Huyu mpole kweli." Mara nyingi ni woga huo, na pengine ni maumivu.

Ndiyo maana safari ya kwanza kwa daktari inaanzia nyumbani, siku kadhaa kabla. Daktari atakuwa na dakika chache na mgonjwa anayeficha, na atakachokijua kitategemea sana ulichokiona wewe bandani. Kuna na jambo la pili, ambalo watu huona haya kulisema: madaktari wetu wengi kutwa wako na ng'ombe, mbuzi na kuku, na mijini mbwa na paka. Sungura wanamfahamu, lakini zaidi kama mfugo wa nyama, ambaye akiumwa sana huchinjwa mapema. Huyu wako ana jina na anaweza kuishi miaka minane hadi kumi na mbili. Yapo mambo machache ambayo wewe mwenyewe lazima uyajue kabla ya kuingia mlangoni.

Daktari yupi?

Mitaani kila anayegusa wanyama ni "daktari": mwenye shahada ya udaktari wa mifugo, ofisa mifugo mwenye stashahada, na hata kijana anayeuza kaunta ya duka la dawa za mifugo. Sheria haiwachanganyi hivyo. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na daktari anapaswa awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Kenya nayo ina bodi yake ya kazi hiyohiyo. Ofisa mifugo ni mtu wa msaada mkubwa, sina neno naye, lakini upasuaji na dawa za sungura mwachie aliyesajiliwa. Tatizo likiwa gumu, wa Tanzania wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, na wa Nairobi wana kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete.

Piga simu kwanza. Usiulize kama wanatibu sungura, maana jibu ni "ndiyo, mlete". Uliza hivi: "Dokta, sungura wa mwisho uliyemwona alikuwa na shida gani, na ulimpa nini?" Aliyezoea atakujibu papo hapo, pengine na kisa juu yake. Uliza pia kama ana mizani midogo, kama anaweza kukupangia saa ya mapema kabla mbwa hawajajaa, na kama huenda majumbani. Hilo la mwisho lina faida zaidi ya unavyodhani. Daktari akija kwako ataliona banda na chakula, na mnyama hatapanda gari kabisa.

Lini? Kama haumwi, mwache siku chache azoee nyumba, kisha mpeleke ndani ya wiki mbili za kwanza. Usichelewe ukisema bado mdogo. Watoto wengi huuzwa wakitoka tu kuachishwa ziwa, wana wiki nne hadi sita, na huo ndio umri ambao kuhara huwamaliza haraka.

Cha kuangalia bandani

Anza na kinyesi. Hakuna kitakachomweleza daktari zaidi ya hicho. Sungura ana aina mbili. Ya kwanza ndiyo unayofagia kila asubuhi: vidonge vikavu vya mviringo, vinavyolingana ukubwa, ambavyo ukivivunja unaona nyuzi za majani. Ya pili ni laini, inang'aa, imeshikana kama kichala kidogo cha zabibu, na huioni mara kwa mara kwa sababu mwenyewe huinama na kuila moja kwa moja kutoka mkunduni. Wapo wanaokimbilia kwa daktari kwa hilo tu. Si ugonjwa. Majani hayatoi lishe yake yote kwa kupita tumboni mara moja. Nyuzi ngumu hutolewa haraka, na chembe laini hurudishwa kwenye mfuko mkubwa ulio pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Humo bakteria huzichachusha na kutengeneza protini na vitamini. Kinachotoka humo ndicho anachokila tena, na ukimzuia unamnyima chakula.

Wasiwasi uanze ukiona vidonge vimekuwa vidogo na vichache kuliko kawaida, au vile laini vimeachwa bila kuliwa na vinagandia manyoya ya nyuma. Mtoto anayehara maji haisubiriwi miadi; ni kwenda saa ileile. Vivyo hivyo kwa sungura wa umri wowote asiyekula wala kutoa kinyesi kwa saa kumi na mbili. Utumbo wake haukuumbwa kupumzika. Ukisimama, gesi hujaa, maumivu humfanya akatae chakula, na kutokula huzidi kuusimamisha.

Asubuhi ya safari okota vidonge vibichi, vya usiku huohuo, uvitie kwenye kikopo safi chenye mfuniko na ukiweke mbali na jua. Daktari ataviangalia kwa darubini kutafuta mayai ya minyoo na vimelea vya koksidia. Waliofuga kuku wanalijua jina hilo vizuri. Koksidia wa sungura ni wa sungura, hawatoki kwa kuku, ila uharibifu unafanana, na wako wanaoshambulia ini badala ya utumbo.

Mkojo nao huwatisha watu bure. Wa sungura unaweza kuwa wa njano, wa rangi ya machungwa, wa kahawia, hata mwekundu kulingana na majani aliyokula, na mara nyingi una ukungu mweupe, kwa kuwa kalsiamu ya ziada huipitisha huko. Damu yenyewe kwa kawaida hujitenga, ni madoa au mabonge ndani ya mkojo ulio na rangi yake. Ukiwa na shaka tandika kitambaa cheupe bandani, piga picha, na ubebe kitambaa chenyewe.

Kisha mpime uzito. Kama huna mizani ya jikoni, mwenye bucha hatakataa ukimletea sungura ndani ya kasha. Utatoa uzito wa kasha baadaye. New Zealand mweupe aliyekomaa hufika kilo nne au tano, chotara wa mtaani ni mwepesi zaidi, lakini namba ya leo peke yake haikupi mengi. Thamani yake utaiona mwezi ujao, atakapokuwa amepungua robo kilo na bado anaonekana yuleyule machoni.

Kuhusu chakula, mwambie daktari ukweli. Kama anakula pumba, karoti, kabichi na kipande cha chapati anachorushiwa na watoto, sema hivyohivyo. Sungura ana meno 28 na yote huota maisha yake yote. Ya mbele huongezeka kama milimita mbili kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusaga nyasi saa nyingi kila siku. Asiyepata nyasi, magego humea pembe kali zinazochana ulimi na mashavu, na mwenye mnyama huona tu kwamba "siku hizi anachagua chakula". Daktari aliyedanganywa kwamba sungura anashinda kwenye nyasi za Rhodes atatafuta ugonjwa mahali pengine. Taja na kila jani la bustanini analofikia. Parachichi, tunda na majani, ni sumu kwake.

Kama kuna tabia inayokutia shaka, kukoroma akipumua, kutikisa kichwa, kuinamisha shingo upande mmoja, mchukue video kwa simu. Akifika kwa daktari ataacha kufanya, nakuhakikishia.

Dawa zinazoponya wengine na kumuua huyu

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu sungura wengi hufia kwenye tiba wakati ugonjwa wenyewe ungepona.

Lile tumbo lililojaa bakteria wema ndilo udhaifu wake mkubwa. Amoksilini, ampisilini na penisilini za kunywa, pamoja na linkomisini na klindamisini, huwaua bakteria hao na kuwaacha wabaya, hasa jamii ya klostridia, wazaliane bila mpinzani na kutoa sumu. Mnyama aliyeingia na mafua anatoka akionekana nafuu. Siku chache baadaye anakataa kula, anahara, anakufa. Mwenyewe atasema ugonjwa ulizidi. Amoksilini ya unga ya watoto, ile ya kuchanganya na maji, iko karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo, na ndiyo watu huikimbilia usiku sungura akipiga chafya. Iache kabatini.

Usielewe kwamba sungura hapewi antibayotiki. Anapewa: enrofloksasini na mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu hutumika sana kwake. Hata penisilini yenyewe daktari mzoefu anaweza kuitumia kwa sindano, kwa sababu kwa njia hiyo hatari kwa utumbo ni ndogo kuliko ikinyweshwa. Kwa hiyo swali lina sehemu mbili, dawa gani na inapitia wapi. Liulize kwa heshima, na liulize kabla ya bomba kuvutwa: "Samahani dokta, hii ni dawa gani, na ni ya kunywa au ya sindano? Nimeambiwa za jamii ya amoksilini zinamdhuru sungura akinywa." Daktari mzuri hachukii. Anayechukia amekupa jibu la aina yake.

Suala la pili ni kipimo. Ivermektini ndiyo dawa ya kawaida ya ukurutu wa sungura unaoletwa na utitiri, na duniani kote hutumika kwake bila shida. Lakini chupa iliyoko dukani imetengenezwa kwa ng'ombe: ina miligramu kumi katika kila mililita, na kwa ng'ombe ni mililita moja kwa kilo 50. Kwa kiwango hichohicho, sungura wa kilo mbili angestahili mililita 0.04. Hilo ni tone, na bomba la kawaida la mililita tano haliwezi kulipima hata ukikodoa macho. Kipimo halisi cha sungura anakipanga daktari kwa uzito na ugonjwa. Ninachotaka ukione ni jinsi "kidogo tu" ya muuza duka inavyoweza kuwa mara kumi ya inavyotakiwa. Uzito ulioupima nyumbani unafanya kazi hapa.

Ya tatu ni fipronili, dawa ya kudondoshea mgongoni mwa mbwa na paka kwa ajili ya viroboto na kupe. Sungura hapewi, hata tone la paka mdogo. Kama ulishampaka kitu chochote, cha duka au cha kienyeji, mafuta ya taa, oili chafu, mwarobaini, kitaje. Aibu ya dakika moja ina nafuu kuliko daktari kuongeza dawa juu ya dawa asiyoijua.

Njiani

Kiroba hapana. Mfuko wa rambo uliotobolewa matundu hapana. Na kumshika masikio, kama wanavyoshikwa sokoni, hapana kabisa. Mifupa ya sungura ni myepesi, karibu asilimia nane tu ya uzito wa mwili, wakati misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu kupita kiasi. Akining'inizwa na kurusha teke, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe, na kutoka hapo miguu ya nyuma haitembei tena. Mnyanyue mkono mmoja chini ya kifua, wa pili umebeba makalio, kisha mbane kifuani kwako kwa uthabiti bila kumkaba. Usimgeuze chali. Anapolegea akiwa chali watu hudhani amesinzia, kumbe amejifia kwa hofu kama anavyofanya mdomoni mwa adui.

Kinachofaa ni kasha gumu la plastiki lenye matundu ya kutosha na mfuniko wa juu, ili atolewe kwa kuinuliwa, si kwa kuvutwa miguu kupitia mlango mdogo. Boksi la kadibodi linaweza kukufikisha karibu, ila likilowa mkojo chini huachia. Tandika taulo lililotumika bandani, lenye harufu yake, juu yake majani makavu mengi. Funika kasha kwa khanga nyepesi upande wa mwanga. Kama wako wawili walioshibana, wapeleke wote hata kama mgonjwa ni mmoja. Anayerudi peke yake na harufu ya hospitali anaweza kupokewa kwa vita na mwenzake wa jana.

Joto ni adui wa kuhesabiwa, hasa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kati ya Desemba na Machi. Sungura hatoki jasho la kumsaidia. Hupunguza joto zaidi kupitia masikio, na hali ya hewa ikipita nyuzi 28 hivi tayari anahangaika. Ondoka asubuhi. Gandisha chupa ya maji, ifunge kwa kitambaa, ilaze kona moja ya kasha ili aisogelee akitaka. Bajaji ni bora kuliko bodaboda, na kwa bajaji kaa upande wa kivuli, kasha mapajani. Ukimwona anahema mdomo wazi, hiyo ni dharura, kwa kuwa kwa kawaida sungura hupumua kwa pua tu.

Wala usimfungishe. Mbwa na paka huambiwa wasile tangu usiku kabla ya nusukaputi ili wasitapike. Sungura hawezi kutapika, na tumbo tupu ndilo linalomdhuru. Ukiambiwa kwa mazoea "asile kuanzia saa mbili usiku", uliza tena, kwa upole, kama agizo hilo ni la sungura.

Mezani

Meza ya chuma huteleza, na sungura anayeteleza hupigana. Toa taulo lako utandike kabla hajawekwa. Daktari atasikiliza moyo unaodunda mara 180 hadi 250 au zaidi kwa dakika, na atapima joto, ambalo likiwa kati ya nyuzi 38.5 na 40 ni la kawaida. Kwa hiyo "nimemshika nikaona wa moto" si ushahidi wa homa.

Mtazame anavyoshika miguu ya mbele. Anatafuta manyoya yaliyogandamana kwa ndani, maana sungura mwenye mafua hufuta pua kwa miguu, na hata akifika na pua safi miguu humsaliti. Masikio yakiwa na magamba mazito ya kahawia, ni utitiri. Usiyabandue nyumbani kabla ya kwenda: yanaumiza mno na huacha vidonda, wakati dawa ikifanya kazi huanguka yenyewe. Nyayo pia zitaangaliwa. Sungura hana nyama ngumu chini ya mguu kama paka, ana manyoya tu, na sakafu ya waya mtupu humchuna mpaka vidonda. Kipande cha ubao au mkeka bandani hutibu zaidi ya mafuta ya kupaka.

Meno ya mbele unaweza kuyazoea kuyaangalia mwenyewe: inua mdomo wa juu kwa vidole viwili, uone kama ya juu yanapita kidogo mbele ya ya chini, na nyuma ya yale mawili makubwa ya juu utaona mengine mawili madogo. Magego ni kazi ya daktari na kifaa chenye taa, na wakati mwingine huhitaji nusukaputi ili yaonekane yote.

Kabla hujaondoka, mwombe athibitishe jinsia. Muuzaji alikwambia wote majike? Kwa watoto hata wazoefu hukosea, majike huanza kushika mimba wakiwa na miezi minne hadi sita, mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Papo hapo uliza kuhusu kuhasi. Kwa dume ni upasuaji mdogo. Kwa jike ni mkubwa zaidi, na sababu yake si watoto tu: majike wasiotolewa kizazi hupata kansa ya mji wa mimba kwa wingi wakishapita miaka minne. Mimi ningefanya, ila kwa daktari aliyekwisha kuwalaza na kuwaamsha sungura kadhaa, si kwa anayetaka kujaribu na wa kwangu.

Chanjo? Aliyezoea mbwa huifikiria kwanza. Uingereza sungura huchanjwa dhidi ya magonjwa mawili ya virusi, miksomatosisi na ule unaosababisha kutoka damu ndani ya mwili, na Marekani mahitaji yalipanda baada ya aina mpya ya virusi vya huo wa kutoka damu kusambaa tangu 2020. Kwetu si huduma ya kawaida, kwa hiyo uliza hali ya eneo lako, na usikubali achomwe chanjo ya mbwa au ya kuku ili tu kadi isibaki tupu.

Mkirudi, weka kasha ndani ya banda, fungua mfuniko, muache atoke akitaka. Mpe nyasi na maji, kisha hesabu vidonge vya kinyesi kesho asubuhi. Vikiwa vya kawaida, safari haijamdhuru. Asipogusa chakula hadi jioni mpigie daktari, usisubiri kuche. Na kama alichomwa sindano ya ukurutu, uwe umeondoka na tarehe ya kurudia, kwa kawaida wiki mbili hivi, kwa kuwa dawa haiui mayai ya utitiri. Banda lisafishwe na matandiko yachomwe kabla ya tarehe hiyo.